Mariamu: jina letu, si la kuazima

 

Ndugu msomaji, hivi karibuni niliitwa kwenye akika ya mtoto wa kike wa mpwa wangu hapa Dar es Salaam. Mbuzi alikwisha kuchinjwa, pilau lilikuwa linapikwa uani, na sisi wazee tulikuwa tumekaa mkekani barazani tukisubiri mtoto apewe jina. Mzee mmoja wa upande wetu akasema ingependeza binti aitwe Mariamu, jina la marehemu mama yangu, ambaye ni bibi mzaa mama wa huyo mpwa wangu.

Kabla hatujaitikia, ami yake mtoto, kijana mwenye adabu na anayependa dini yake, aliomba ruhusa ya kusema. “Wazee wangu, mniwie radhi. Hilo jina mimi naliona lina utata. Mariamu ni jina la makanisani. Mtoto akienda shule, nani atajua kuwa ni Muislamu?” Kisha akatoa simu yake na kutusomea jina alilolipata kwenye intaneti: Alayna. Akasema ni jina zuri, la kisasa, na zaidi ya yote lipo ndani ya Qur'an.

Baraza lilinyamaza. Shekhe aliyekuja kuomba dua akanigeukia akisema, “Bwana mwandishi, wewe unasemaje?” Nilisema machache siku ile, kwa kuwa pilau nalo lilikuwa linasubiri. Yaliyobaki nayaandika hapa, kwani nimegundua kuwa wasiwasi wa kijana yule si wake peke yake. Uko katika nyumba nyingi za Waislamu wa mjini.

Tuanze na hilo lililopo katika Qur'an

Ni kweli, neno “alayna” limo katika Qur'an, tena mahali pengi. Lakini si jina. Ni neno la Kiarabu lenye maana ya “juu yetu”. Mtu aliyesoma nahau kidogo akisikia binti anaitwa hivyo, ni sawa na sisi Waswahili tusikie mtoto anaitwa “Kwetusisi”. Na huko Ulaya na Marekani lipo jina linalosikika vile vile, Alaina, ambalo ni umbo la kike la jina la Kifaransa, Alain. Basi tulikuwa tunakimbia jina tunalodhani ni la Wakristo, tukielekea kwenye neno ambalo kwa Waarabu si jina, na kwa Wazungu ndilo jina.

Sisemi hayo kumkebehi mzazi aliyempa binti yake jina hilo. Nia yake ilikuwa njema, na neno lenyewe halina ubaya. Nasema tu kwamba kuwemo kwa neno ndani ya Msahafu hakulifanyi kuwa jina. Ndani ya Msahafu mna majina ya Mitume na ya watu wema, na pia mna jina la Firauni.

Mariamu ni nani katika Qur'an

Sasa tulitazame jina lililotiliwa shaka. Mariamu, au Maryam kwa Kiarabu, ndilo jina pekee la mwanamke lililotajwa katika Qur'an nzima. Mama yetu Hawa ametajwa bila jina, kama mke wa Adam. Mama yake Musa, mke wa Firauni, malkia wa Sabaa, wote habari zao zimo lakini majina yao hayamo. Maryam ametajwa kwa jina mara 34, na sura nzima, ya 19, yenye aya 98, imeitwa kwa jina lake.

Hata mwanawe, Nabii Isa (AS), katika aya nyingi anatajwa kwa kunasibishwa na mama yake: Isa mwana wa Maryam. Mtume (SAW) naye ametufundisha kuwa Maryam binti Imran ni katika wanawake bora, akamtaja pamoja na Bi Khadija (Bukhari na Muslim). Mwenye kusema kuwa jina hili ni la watu wengine na sisi tumeliazima, ajiulize ni katika kitabu gani kingine mwanamke huyu amepewa nafasi kama hii.

Jina lenyewe lilianzia wapi

Kihistoria jina hili ni la kale sana kuliko Ukristo. Kwa Kiebrania ni Miryam, na mtu wa kwanza anayejulikana kuwa nalo katika vitabu vya Mayahudi ni dada yao Musa na Harun (AS). Huyu ndiye ambaye Qur'an inatusimulia, bila kutaja jina lake, kuwa alifuata nyuma kuona kile kisanduku chenye kaka yake mchanga kinaishia wapi mtoni (28:11).

Miaka zaidi ya elfu moja baadaye, zama za Nabii Isa (AS), jina hilo ndilo lililokuwa la kawaida kuliko yote kwa wanawake wa Kiyahudi katika Palestina. Ndiyo maana hata katika Injili za Wakristo wanatajwa akina Mariamu kadhaa, mpaka inabidi kila mmoja aongezewe la kumtambulisha.

Wayunani walipoliandika jina hili walikuwa na namna mbili: Mariam, na Maria bila ya herufi “m” mwishoni, ambayo ilikuwa nyepesi katika lugha yao. Kilatini kikachukua Maria. Kutoka hapo Wafaransa wakasema Marie na Waingereza Mary. Waarabu wakabaki na Maryam yenye “m” yake, iliyo karibu zaidi na asili ya Kiebrania. Kwa hiyo Mariamu, Maria, Meri na Miriamu ni jina moja lililopita njia tofauti.

Na maana yake?

Hapa ndipo wengi hupenda kufika haraka. Siku hizi mzazi anafungua simu, anaandika jina, anapata maana kwa neno moja, basi. Kwa Mariamu mambo si mepesi kiasi hicho. Wapo waliosema asili yake ni neno la Kiebrania lenye maana ya uchungu. Wapo waliosema ni uasi, na waliosema ni mtoto aliyetamaniwa. Wengine, kwa kuwa dada yake Musa alizaliwa Misri, wakasema ni neno la Wamisri wa kale lenye maana ya kupendwa. Mwanachuoni wa Kikristo, Jerome, aliyeishi karne ya 4 na ya 5, alilifasiri kuwa ni tone la bahari, kwa Kilatini stilla. Baadaye, inaelezwa, neno hilo likageuka kuwa stella, yaani nyota, na Bi Maryam akawa anaitwa Nyota ya Bahari mpaka leo katika makanisa mengi. Herufi moja tu imegeuza tone kuwa nyota.

Wafasiri wetu nao wamelizungumzia. Zamakhshari amesema maana yake katika lugha ya watu wake ni mwenye kuabudu. Qurtubi amesema ni mtumishi wa Mola. Maneno yao yanakwenda vizuri na kisa chenyewe, kama tutakavyoona.

Lakini angalia, msomaji. Qur'an haikutuambia maana ya neno hili. Imetuambia nani alilitoa, lini, na alisema nini alipolitoa. Nadhani hilo ndilo somo kubwa zaidi kwetu.

Mama aliyetoa jina

Katika Surat Aal Imran (3:35-37), mke wa Imran, ambaye wanahistoria wanamtaja kwa jina la Hanna, aliweka nadhiri kuwa kilichomo tumboni mwake kitakuwa wakfu kwa ajili ya kumtumikia Allah. Kwa desturi ya zama zile, watumishi wa nyumba ya ibada walikuwa wanaume. Akajifungua mtoto wa kike. Akamwambia Mola wake kuwa amezaa mwanamke, naye Allah alijua zaidi alichokizaa. Kisha akasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba amempa jina la Maryam, na kwamba anamkinga kwa Allah, yeye na kizazi chake, kutokana na shetani aliyelaaniwa.

Jina na dua vilitoka kinywani kwa pumzi moja. Na dua ile ilipokelewa. Mtume (SAW) ametueleza kuwa kila anayezaliwa huguswa na shetani akapiga ukelele, isipokuwa Maryam na mwanawe (Bukhari na Muslim). Mtoto wa kike ambaye hakutarajiwa mahali pale akawekwa katika mihrabu, chini ya ulezi wa Nabii Zakariya (AS), na riziki ikawa inamjia kutoka kwa Allah. Katika misikiti mingi ya Uturuki, juu ya mihrabu, imeandikwa sehemu ya aya hiyo hiyo inayotaja Zakariya kumwingilia Maryam mihrabuni. Imamu anaposimama kuswalisha, juu ya kichwa chake ipo habari ya binti huyu.

Kwa hiyo akiniuliza mtu maana ya Mariamu, nitamjibu: maana yake ni dua ya mama.

“Dada wa Harun”

Wale mliohudhuria mihadhara ya kulinganisha dini mnajua swali moja ambalo hulirushwa sana. Katika Surat Maryam (19:28), watu wake walipomwona amembeba mtoto walimwita dada wa Harun. Wapinzani husema: Qur'an imechanganya, kwani Maryam dada wa Harun na Musa aliishi zamani sana kabla ya Maryam mama wa Isa.

Swali hili si geni. Sahaba Mughira bin Shu'ba (RA) aliulizwa hivyo hivyo na watu wa Najran, akarudi kumuuliza Mtume (SAW). Jibu, kama lilivyopokewa na Imam Muslim, ni kwamba watu wale walikuwa wakijiita kwa majina ya Manabii na watu wema waliowatangulia.

Jibu hili lina zaidi ya kumaliza ubishi. Linatueleza kazi ya jina. Mayahudi wa zama zile walimpa mtoto jina la mtu mwema ili wema ule usisahaulike. Mtume (SAW) mwenyewe alipopata mtoto wa kiume kwa Bi Maria Mkibti, alitangaza kuwa usiku ule amezaliwa mtoto na amempa jina la baba yake, Ibrahim (Muslim). Kati ya Ibrahim yule wa kwanza na huyu mchanga wa Madina kulikuwa na karne nyingi. Jina liliziunganisha.

Bila shaka hapa msomaji makini ameshtuka. Bi Maria? Ndiyo. Mama wa mtoto wa Mtume wetu (SAW), aliyeletwa kutoka Misri na Muqawqis, aliitwa Maria, na kwa jina hilo anajulikana katika vitabu vyetu vyote vya sira. Tunafahamu pia kuwa Mtume (SAW) hakusita kubadilisha majina yasiyofaa. Aliyeitwa Asiya kwa maana ya mwenye kuasi alimwita Jamila (Muslim). Maria hakulibadilisha.

Jina lililosafiri

Huko Makka, Waislamu walipozidiwa na mateso wakahamia Habasha, Maquraishi walituma wajumbe kutaka warudishwe. Ja'far bin Abi Talib (RA) alisimama mbele ya Najashi, mfalme Mkristo, na alipotakiwa kusoma kitu katika aliyokuja nayo Mtume wao, alichagua mwanzo wa Surat Maryam. Mfalme alilia. Wakimbizi wale wakapewa amani. Katika siku ngumu kabisa za Uislamu, jina hili ndilo lililotufungulia mlango kwa majirani zetu.

Leo Wasomali wanasema Maryan, Wahausa wanasema Maryam na Mairo, na Waislamu wa Senegal na Guinea wanasema Mariama. Waturuki wana Meryem, na Waislamu wa Bosnia wana Merjem, wakati majirani zao Wakristo wana Marija. Iran, maryam ni jina la watu na pia ni jina la ua jeupe lenye harufu nzuri. Ni Maryam wa Iran, Maryam Mirzakhani, aliyekuwa mwanamke wa kwanza duniani kupata nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 2014, kabla ya kufariki mwaka 2017.

Kwa Wakristo wa Poland, kwa muda mrefu watu waliona si adabu kumwita mtoto wa kawaida Maria, kwa kumheshimu mama wa Isa. Ethiopia Wakristo wana majina kama Gebre Mariam, yaani mtumishi wa Mariam. Hapa ndipo ulipo mpaka wetu na wao. Sisi hatumwiti mtu mja au mtumwa wa Maryam, wala wa Nabii yeyote. Utumwa ni kwa Allah peke yake. Tunachotofautiana ni daraja anayopewa mwenye jina. Jina lenyewe halijawahi kugombaniwa.

Na hapa kwetu? Biblia ya Kiswahili inayotumiwa sana na Waprotestanti imeandika Mariamu, wakati Wakatoliki katika sala zao husema Maria. Ndiyo maana katika darasa moja la shule ya msingi mjini unaweza kuwakuta Mariamu wawili, mmoja Jumapili anakwenda kanisani na mwingine jioni anakwenda madrasa. Kijana wetu aliogopa hilo. Mimi naona hakuna hasara. Uislamu wa binti hautajulikana kwa orodha ya mahudhurio. Utajulikana kwa swala yake, haya yake na ukweli wake.

Mama yangu na herufi moja

Nina sababu ya kumwelewa kijana yule, nami niiseme.

Mama yangu alizaliwa bara, mahali ambapo shule pekee ya karibu ilikuwa ya wamisionari. Babu alimpeleka baada ya kushawishiwa sana. Mwalimu alipoandika majina alimwandika Maria. Mtoto alipoitwa aliitikia, kama mtoto yeyote anavyoitikia. Siku moja jioni babu alimsikia akicheza shule na wenzake, akiita majina, naye akijiita Maria. Kesho yake hakwenda tena shule, wala siku zilizofuata.

Babu aliona jina ni mlango, na nyuma yake anaona ubatizo. Sikuwepo, siwezi kusema alikosea kuogopa. Wazee wa zama zile waliona watoto wakiingia shule na jina moja na kutoka na jingine. Lakini mama yangu aliishi zaidi ya miaka 70, akaweka dole gumba kwenye kila karatasi ya serikali, na barua zangu alisomewa na watu wengine. Surat Maryam aliihifadhi yote kwa kusikia.

Kwa miaka mingi nililichukia lile jina Maria. Siku nilipomsimulia mama habari za Bi Maria Mkibti, alicheka kisha akasema, “Mwanangu, jina halikuwa na kosa. Kosa ni kwamba hawakumuuliza baba yangu.” Nilikaa na maneno hayo muda mrefu. Mwalimu alichukua haki isiyokuwa yake, haki ya kumpa jina mtoto wa watu. Na babu, kwa kulinda herufi moja, alipoteza kitu ambacho binti yake hakukipata tena.

Ndipo nikaelewa kuwa hofu inaweza kutunyang'anya mara mbili. Mara ya kwanza jirani anatuchukulia kilicho chetu. Mara ya pili sisi wenyewe tunakitupa, kwa sababu tu jirani naye anacho.

Tulivyomaliza

Siku ile barazani nilimwuliza shekhe swali moja: mama wa mtoto ameulizwa? Watu wakatazamana. Kweli, Ibn al-Qayyim ameeleza kuwa wazazi wakivutana, haki ya kutoa jina ni ya baba. Lakini pale hapakuwa na mvutano wowote baina ya wazazi. Waliokuwa wanavutana ni sisi. Na jina tulilokuwa tunalijadili ni jina ambalo Qur'an imehifadhi kuwa lilitolewa na mama.

Baba wa mtoto akainuka, akaingia ndani. Alirudi baada ya muda mfupi akitabasamu. Akasema mkewe anawasalimu wazee, na anasema mtoto huyu amekuwa akimwita Mariamu tangu usiku aliojifungua, na kila akimnyonyesha humsomea ile dua ya mke wa Imran. Alikuwa anangoja tu aulizwe.

Ami yake mtoto ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia amin. Baadaye alinifuata kwenye sinia akanambia, “Mjomba, nilikuwa sijui.” Nikamwambia hata mimi nilikuwa sijui mpaka nilipokwisha kuwa mtu mzima.

Basi, ndugu Waislamu, tunapowapa watoto wetu majina, tusiishie kwenye maana ya neno moja la kwenye simu. Tuulize ni nani alilibeba kabla yao, na alilibeba vipi. Mama aulizwe. Na siku ya kulitoa, tulitoe pamoja na dua, kama alivyofanya mke wa Imran.

Namuomba Allah (SW) amkuze Mariamu wetu mdogo katika kheri, amrehemu yule wa kwanza, na awajaalie watoto wetu wote kuwa na matendo yanayofanana na majina yao.

Wabillahi tawfiq.